Viwanja Vitatu Makaburini

Dada yangu Signe,

Hapa Minnesota theluji imeyeyuka na goti langu lina nafuu. Jana nilipika chapati za viazi kama za mama, zikaungua upande mmoja.

Jumanne mimi na Halvor tulimaliza kugawana mali ofisini kwa wakili. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa iliisha asubuhi moja. Mimi nimebaki na nyumba pamoja na deni la paa. Yeye kachukua shamba, trekta na mkopo wake. Hatukugombana. Wakili alipoitaja ile baiskeli yetu ya viti viwili, Halvor alicheka.

"Maren, unakumbuka ulivyonitumbukiza mtaroni?"

"Si wewe uliyeshika usukani, mzee?"

Kisha wakili akasoma: viwanja vitatu makaburini. "Hivi tuviuze, mgawane fedha?"

Unakumbuka tulivinunua tulipomzika Elsa wetu, aliyeishi siku tisa tu. Yeye yuko katikati, na vya pembeni tulijiwekea sisi wawili.

Niliogopa kumtazama Halvor, maana sasa ana mchumba, Bettina. Akavua kofia yake.

"Changu hakiuzwi," alisema. "Bettina nimeshamwambia."

"Na changu pia," nikasema.

Tulipotoka, alinifungulia mlango wa gari langu kama zamani, nami nikamwacha afungue. Halafu kila mmoja akaenda kwake.

Nimelia kidogo tu, usije mbio.

Mdogo wako,
Maren