Msingi wa Chumba cha Ubavuni

Biryogo, Kigali
Kiangazi, 1992

Mdogo wangu Mwavita,

Kuna jambo la nyumba hii nimekuficha kwa miaka thelathini. Nalitaja mwanzoni kabisa ili nisipate njia ya kulikwepa nitakapofika mwisho, maana najijua.

Sasa nikusalimu. Assalaam alaikum. Goti linakusumbua bado? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa Bujumbura ilikufikia huko Ujiji, au aliishia kujichua mwenyewe? Na sikio la kushoto, ni lilelile? Mimi napumua kwa shida. Daktari alimweleza msaidizi wake habari zangu kwa Kifaransa, mbele yangu, akidhani mzee wa kanzu haelewi. Nilimshukuru kwa Kifaransa hichohicho, akaangusha kalamu. Alichosema ni kwamba mvua za masika sitaziona.

Kwa hiyo uliponiandikia kwamba utapanda meli uje kukaa nami, nililia, halafu nikaomba karatasi. Nilitaka nikujengee chumba ubavuni mwa nyumba, upande wa mashariki, pale palipo wazi. Nimekuwa karani maisha yangu yote, nikadhani chumba kimoja hakitanishinda. Nikachora: hatua nne kwa tano, dirisha moja, na mlango wa kutokea chumbani kwangu.

Mwavita, kila nilichoandika kimenigeuka. Sima, hiyo mnayoiita saruji huko Ujiji, niliiandika kwa bei ya mwezi wa tano. Juzi mwenye duka akaitazama orodha yangu, akacheka. "Mzee, hii bei ilienda vitani, haijarudi." Vigae kama hivi vya paa letu, vya wakati wa Wabelgiji, hakuna anayevichoma tena, na mabati yakikutana na vigae, maji yatapita kwenye maungio. Ofisi ya komini, serikali yetu ya mtaa, inataka ramani yenye muhuri wa mchoraji. Mchoraji hapigi muhuri bila kibali cha komini. Nimekwenda mara tatu, Hadija akinishika mkono. Mara ya tatu karani mmoja, umri wa mjukuu wangu, aliniuliza kama nitakuwa hai kibali kikitoka. Hakuwa anatania. Alitaka kujua aandike jina la nani.

Hadija naye, mwanangu huyu anayeniuguza, amekuwa mkaguzi wangu wa hesabu. Kuta za nyumba hii ni za matofali ya udongo, unene wake kama mkono mzima, na kuzitoboa mlango kunahitaji boriti ngumu na siku tatu za fundi.

"Baba, futa huo mlango. Shangazi atapita nje, azunguke."

"Shangazi yako hasikii upande mmoja. Nikimwita nataka anisikie."

"Basi utaniita mimi. Mimi nina masikio mawili na bei yangu ni nafuu."

Mlango sikuufuta. Nikafuta sakafu ya sima, nikaandika udongo wa kushindilia. Kesho yake nikaona haya kukulaza kwenye vumbi, nikairudisha sima, nikafuta dari. Karatasi ile imefutwa mpaka imetoboka.

Hatimaye tulianza kuchimba bila kibali, kama kila mtu wa mtaa huu. Fundi wetu ni Kalisti, Mnyarwanda aliyekulia Burundi, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Nilikuwa nimeketi barazani nikimtazama. Kabla ya saa sita jembe lake likagonga jiwe. Akachimba kushoto, likagonga. Kulia, likagonga.

"Mzee, furahi! Hapa iko msingi tayari! Mawe ya zamani, mazuri, imekaa sawa kabisa. Umepona nusu ya gharama."

Hadija alitoka jikoni mbio. "Ni wa zamani huo. Kulikuwa na chumba, kikaangushwa na mvua nikiwa mdogo, nilipokuwa kwa bibi. Si ndiyo, Baba?"

Kalisti alipiga magoti, akapangusa mawe kwa kiganja. "Mvua? Hapana, mama. Mvua haina adabu. Ikiangusha ukuta inaacha vipande, inaacha tope, inavunja mpaka jiwe ya pembe. Hapa hakuna hata kipande ya tofali. Huyu alitoa moja moja, kutoka juu, pole pole. Alikuwa mtu safi." Akacheka. "Ama mwizi! Mwizi wa chumba nzima!"

Nikamwambia, "Umekuja kujenga au kusoma udongo?"

Akashika tena jembe. Nikamwamuru afukie ule msingi na kuchimba mwingine, hatua mbili nje yake. Alidhani hakusikia vizuri. Akahesabu kwa vidole: mawe ya kununua, sima zaidi, siku zaidi, na njia ya jirani ambayo tungeiziba. Hadija alikasirika kama sijawahi kumwona. "Baba, pesa zinatosha chumba kimoja tu. Ukitupa msingi, shangazi atalala wapi? Unamjengea yeye au unapigana na mawe?"

Siku nne kazi imesimama. Kalisti anakuja asubuhi, anakunywa chai yangu, anautazama mtaro, anaondoka. Siku nne nimeifuta orodha na kuiandika, na kila ninavyoipanga, msingi mpya unakula paa. Leo nimemwambia Kalisti ajenge juu ya mawe yaleyale. Hadija amenibusu kichwa. Hajui kwamba ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Kalisti hafungi mdomo, na wewe ukishuka hapa atakuonyesha ule msingi kabla hujavua viatu. Sitaki uyasikie kwake. Na sitaki ulale chumba hicho ukinishukuru.

Unakikumbuka. Ndicho ulicholala ulipokuja kutusaidia Hadija alipozaliwa. Uliketi mlangoni ukimwogesha kwenye karai, ukasema ukizeeka utakuja kukaa humo. Miaka minane baadaye ukaniandikia kwa mkono wako. Ulisema mumeo amekupiga tena, kwamba umefunga nguo zako, kwamba unangoja neno langu tu. Nikakujibu kwamba mvua imekiangusha chumba, nyumba haina nafasi, vumilia mpaka nikijenge upya.

Ulivumilia miaka kumi na mmoja, mpaka alipokufa yeye. Habari za sikio nilizisikia kwa watu. Wewe hukuniandikia kamwe kwamba lilipotea kwa kofi.

Sikuwa na kisingizio cha maana. Wakati ule nilikuwa mwandishi wa kamati ya msikiti, nikikaa na wazee kusuluhisha ndoa. Wanawake walikuja wakilia, na mimi ndiye niliyewaandikia warudi kwa waume zao. Niliona nitachekwa nikimfuga dada yangu aliyetoroka kwa mume. Hiyo tu. Mama Hadija, Mungu amrehemu, alinisihi nikuite. Usimhesabie kosa.

Nisalimie mwanao mkubwa, mwalimu, na mkewe aliyenitumia dagaa. Msalimie bibi jirani yako anayekushika mkono kwenda kisimani. Wasalimie wajukuu, waambie babu yao wa Kigali bado anaandika herufi zilizonyooka. Nauli ya meli na ya basi ataileta yule dereva, hata kama hutakuja. Itumie utakavyo. Kuta zitakuwa zimefika kwenye boriti mwisho wa mwezi, na mlango uko palepale nilipouchora. Ukiamua kubaki Ujiji, sitauliza.

Yaliyobaki nayaandika kama nilivyokuwa nikiwaandikia watu ofisini. Mimi, Sefu, kaka yako wa baba na mama mmoja, nikiwa na akili zangu, nakiri: siku niliyokuandikia kwamba chumba kimeanguka, kilikuwa kimesimama kizima, kitanda kimetandikwa. Wiki iliyofuata nikapata habari kwamba binamu yetu Juma anakuja kutoka huko Ujiji na mizigo ya dagaa, na kwamba atafikia kwangu. Angekiona, angekwambia. Nikapanda juu nikakivunja kwa mikono yangu, tofali moja moja, na kwa matofali hayo nikajenga baraza hii ninayokaa nikikuandikia.