Maziwa ya Mwanaesha

Mahajanga, Ijumaa, mwezi mosi Muharamu. Mwaka mpya wetu.

Kipupwe kimeingia. Tangu asubuhi upepo unatupulizia vumbi jekundu mpaka ndani ya birika, na watoto wa mtaani wanakata karatasi za rangi kutengenezea taa za sikukuu ya uhuru. Nimemaliza kuswali alasiri. Wageni wamelala, nami nimekaa kibarazani na kalamu.

Shajara yangu, nyumbani tunasema Kikomoro, sokoni Kisakalava, lakini wewe nakuandikia kwa lugha ya marehemu baba, maana ndiyo aliyonifundishia kusoma. Nikikosea hunisuti. Leo nina moyo uliojaa, na nataka kuuweka hapa mwaka uliokwisha kabla sijausahau.

Wala sitausahau.

Ulianza kwa posa. Saidi, kijana fundi wa mashine pale bandarini, alimposa binti yangu Zaliha. Mtoto wa heshima, anaswali, hana maneno mengi. Mama yake alifariki siku aliyomzaa, huko Dzamandzar kisiwani Nosy Be, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari. Angali mchanga, baba yake akamleta huku Mahajanga na kumlea peke yake. Zaliha alikuwa anamtaka. Hakuniambia, ila jioni wafanyakazi wa bandari wanapopita, hakuna kazi ya dirishani aliyoniachia niifanye mimi.

Siku ya makubaliano mwalimu wetu wa msikitini aliuliza kama kawaida, "Baina ya nyumba hizi mbili, kuna maziwa?" Kwetu watoto walionyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani hata kama hawana tone la damu moja. Nikamtazama Baba Saidi, mwanamume mjane. Nyumba yake ingekuwa na maziwa gani? Naye akanitazama mimi, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona kabla hajahamia huku. Sote wawili tukajibu hakuna. Hatukusema uongo. Kila mmoja alijibu kwa nyumba yake.

Hakuna aliyeikumbuka nyumba ya tatu.

Mume wangu, ambaye anashona magodoro, alikwenda mwenyewe mpaka Belobaka kuchagua sufi ya godoro la mwanawe. Aliichambua punje kwa punje, nyumba nzima tukapiga chafya. Alikuwa akisema, "Asije mtu akalala juu ya mbegu akanitukana mimi mkwe wake." Tulicheka sana miezi ile.

Mdogo wangu Mwanaesha aliolewa Dzamandzar na anaishi huko mpaka leo. Alikuja kwa meli ya pwani siku chache kabla ya harusi, mvua zikiwa zimekolea, mizigo yake yote inanukia vanila na mlangilangi. Zaliha alimkimbilia mpaka barabarani bila viatu, maana ni mama yake wa pili. Mimi nilijifungulia kwa Mwanaesha, nikashikwa na homa, maziwa yakakauka. Yeye alikuwa na mwanawe Hamadi kifuani. Akawanyonyesha wote wawili mpaka nilipoweza kusimama.

Kesho yake Baba Saidi alileta sanduku la nguo za bibi harusi. Alikuja na Saidi, na mwalimu alikuwapo. Mwanaesha akatoka na sinia la kahawa. Baba Saidi akamkazia macho mpaka nikaona haya kwa niaba yake.

"Wewe si Mwanaesha? Wa nyumba za wafanyakazi, karibu na kisima?"

"Ndiye mimi," akasema mdogo wangu, akalitua sinia.

Mzee wa watu akainuka, anacheka huku machozi yanamtoka. "Saidi, simama. Mbusu mkono mama yako. Huyu ndiye aliyekunyonyesha."

Alilisema kwa furaha tupu. Akaanza kusimulia jinsi mtoto alivyokuwa akilia, jinsi majirani walivyokata tamaa, jinsi mwanamke huyu alivyoingia bila kuitwa akamchukua. Ndipo nikamwona mwalimu, ambaye nilikwisha kumwambia kuwa mdogo wangu alimnyonyesha Zaliha, anakiweka chini kikombe chake. Baba Saidi naye akamwona. Simulizi ikakatika katikati ya neno.

Nieleze hapa, nisije nikaonekana nilificha. Kabla ya Hamadi, Mwanaesha alizaa mtoto wa kiume akaishi majuma machache tu. Mimi nilikuwa huku Mahajanga, nilipata habari, nikalia.

Nilijua kifo. Sikujua maziwa.

Mwalimu akauliza kwa upole kabisa. Kwa madhehebu yetu mtoto huwa ndugu akinyonya mara tano za kushiba. Mara moja, mara mbili, haidhuru. Na aliyejua ni mtu mmoja tu katika chumba kile. Nyuma ya pazia nilimsikia Zaliha anavuta pumzi.

Wifi yangu Bi Rukia, ambaye ulimi wake haujapata likizo, akamwinamia mdogo wangu. "Mwanaesha, sote tumezeeka, tunasahau. Labda ilikuwa mara moja, mbili. Mtoto amelia, umemtuliza, basi."

Ee Mola, nakuandikia Wewe sasa, si shajara. Unajua nilivyomtazama mdogo wangu. Unajua nilivyokuwa nikiomba moyoni asahau.

Mwanaesha akakaa chini sakafuni. "Bi Rukia, maziwa yalikuwa yangu, si yako. Alinyonya mwezi mzima na nusu ya mwingine. Alikuwa akilala na ziwa mdomoni. Halafu baba yake akamchukua kwa meli." Kisha akanigeukia mimi. "Nilizika mmoja, wa pili akapakiwa. Ningekusimulia nini, dada?"

Hakuna aliyelia kwa sauti. Mwalimu alisoma Fatiha kwa mnong'ono, akasema harusi haipo. Nilingoja Saidi aondoke, aghadhibike, afanye kitu cha ujana. Hakwenda. Alimsogelea Mwanaesha, akapiga magoti pale sakafuni, akamwuliza, "Nilikuwa na ukubwa gani?"

Mwanaesha akanyoosha mikono, akamwonyesha. Kutoka kiganja mpaka kwenye kiwiko.

Mtu wa miaka ishirini na tatu aliitazama mikono ile kama anayesoma. Maisha yake yote alidhani hajawahi kushikwa na mama.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza tumenyang'anywa au tumepewa. Nchi yetu juzi tu imebadilisha bendera, watu wakasema hayo ndiyo makubwa. Nyumba hii mkwe aligeuka mtoto kahawa haijapoa. Mimi niliyekuwa nikijiandaa kuwa mama mkwe nikawa mama mkubwa. Na lau ile meli ingechelewa juma moja tu, ndoa ingekwisha fungwa.

Mume wangu alilifumua lile godoro. Bi Rukia alitaka liuzwe, akamjibu, "Sufi ya mwanangu haiendi sokoni." Akashona mawili membamba. Moja akampa Zaliha, la pili akampelekea Saidi, bila neno. Saidi alilipokea bila neno. Wanaume wana namna yao.

Ila Zaliha. Ndiye aliyenikosesha usingizi. Ramadhani yote alifunga, alipika, alifagia, na hakuinua uso. Sokoni wanawake walisema tumeponea chupuchupu, hongereni, na yeye alisimama pale na kapu lake akipokea hongera za kufiwa. Saidi akija kumsalimia baba, Zaliha anajifungia. Siku moja nilimwambia, "Mwanangu, yule ni kaka yako." Akanijibu kwa adabu, "Mama, Mungu ameshasema nami nimesikia. Lakini mdomo wangu uacheni."

Niliuacha. Nikaogopa, nawe shajara ndiwe wa kwanza kuambiwa, kwamba mtoto wangu atakauka hivihivi nyumbani mwangu akiwa mtiifu.

Baada ya Idi nilikwenda Nosy Be kumwona Mwanaesha. Nikamkuta Saidi. Ameacha bandari, amepata kazi Dzamandzar ya kutengeneza treni ndogo za miwa, anaishi chumba cha uani. Nilimkuta mdogo wangu, ambaye mwanawe Hamadi alihamia Diego na huja mara moja kwa mwaka, anamgombeza lile jitu zima, "Unakula kama kuku mgonjwa. Maliza hicho." Na jitu likamaliza.

Siku ya pili Saidi akaomba apelekwe kwenye kaburi la yule mtoto. Shemeji yangu ni mtu wa Andilana, walimzika huko kwao. Tulipanda gari la miwa, tukamalizia kwa miguu. Kaburi halina jina, ni mchanga na mawe ya matumbawe, dogo, ukipita haraka hulioni. Saidi aling'oa majani kwa mikono, akapanga mawe upya, akasoma Yasini yote kwa moyo. Akabaki amechuchumaa.

"Nilikula riziki yake," akasema.

Mwanaesha akamjibu, "Ilikuwa yako. Yeye alikutangulia kukufungulia mlango tu."

Mimi nimesoma juzuu na vitabu viwili vitatu vya baba, sina elimu ya kueleza nilichokisikia pale. Nilihisi kama nimeingia mahali ninapopaswa kuvua viatu.

Na leo. Mwanaesha na Saidi wamefika jana kuja kutusalimia kwa mwaka mpya, na leo walikula kwetu baada ya Ijumaa. Nilipika wali wa nazi na kuku, nikajipakulia kazi zote, ili Zaliha asilazimike kutoka. Wanaume wakakaa mkekani. Mume wangu na Saidi; Baba Saidi alikuwa bado kibarazani akinawa. Nikainua sinia.

Zaliha akalichukua mikononi mwangu.

Alikuwa amesuka nywele. Alikuwa na msindano usoni, ule unga wa liwa tunaojipaka tukiwa nyumbani. Na kichwa chake kilikuwa wazi. Kishali chake kilikuwa kinaning'inia msumarini, nacho alikipita. Mwanamke wetu hakai hivyo mbele ya mwanamume, isipokuwa baba yake, mumewe, mwanawe, au nduguye.

Akaingia hivyo. Akaliweka sinia mbele yao. Saidi aliinamisha uso haraka, masikio yamemwiva.

Zaliha akasimama juu yake, mkono kiunoni. "Umetoka Nosy Be yote hiyo hukuniletea hata muwa mmoja?"

Mume wangu tonge limemkwama.

"Utaletewa," akasema Saidi chini chini.

"Lini?"

"Safari ijayo."

"Na nawa mikono vizuri, ina mafuta ya treni."

Huko kibarazani Baba Saidi akaanza kucheka, safari hii akacheka mpaka mwisho. Zaliha akarudi jikoni kwangu, akageukia ukuta, mabega yanatetemeka. Nilimkumbatia kwa nyuma. Sikuuliza kama ni kilio au kicheko. Kisha akajifuta kwa mgongo wa mkono, liwa ikamwenda mpaka sikioni, akaniuliza kama mchuzi umebaki, kaka atataka kuongezewa.

Kaka.

Mola wangu, nilikuomba mdogo wangu asahau, nawe hukunisikiliza. Nikuombe nini tena mwaka huu, mimi nisiyejua kuomba?