Ekzosi Iliponyamaza, Nyani Wakashuka

Kikatiti, Arusha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na mvua huko Singida imeanza? Nimeiahirisha barua hii tangu shule ifungwe, kwa sababu habari niliyo nayo inamhusu mdogo wangu Elia, na si nzuri.

Sisi hapa tu wazima. Baba mdogo bado ni fundi kwenye shamba la maua la yule mwekezaji. Aliletewa pikipiki kuukuu ya magurudumu manne, ile wanayokagulia mabomba ya maji mlimani. Kila dereva alipoachia mafuta kwenye mteremko, ekzosi ililipuka kama bunduki. Baba mdogo akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, ikaendelea vilevile. Ndipo akaniomba nizibe mdomo wa ekzosi kwa kitambaa alipoiwasha asubuhi, injini ikiwa bado baridi. Moshi ukapenya pale bomba linapoungana na injini. Gasketi inayoziba maungio hayo ilikuwa imeungua. Alinieleza kwamba hewa huingia hapo, na petroli ambayo haikuungua huwaka ndani ya bomba. Nilifurahi sana, maana mambo ya mwako nilikuwa nayajua kwa kusoma tu. Akaweka gasketi mpya, pikipiki ikatulia.

Lakini njia ya mabomba inapita kando ya mahindi yetu, na hatukujua kuwa mlio ule ndio uliowazuia nyani. Mama mdogo alikuwa ameacha hata kulinda, akidhani wamehama. Jumapili, tukiwa kanisani, walishuka kutoka msituni. Tuliporudi yalikuwa yamebaki mabua tu.

Jirani yetu, Mama Ndeshi, alichungulia juu ya ua akasema, "Fundi, nyani wanakushukuru. Umewafungulia njia." Mama mdogo alicheka naye, kisha akaingia ndani na hakutoka hadi jioni.

Baadaye baba mdogo aliniita. "Mwandikie mama yako," alisema. "Elia asije kusoma huku Januari. Siwezi kumchukua mtoto wa kaka yangu nije nimlaze njaa."

Najua Elia ameshaaga wenzake darasani. Nilikuwa nimemtengea nafasi kwenye rafu ya vitabu vyangu, na sijaijaza.

Nisalimie bibi, na dada aliyejifungua, nambusu mtoto. Elia mwambie taratibu. Ukianza na nyani atacheka, kwa hiyo anza na Januari.

Mimi binti yako nikupendaye,
Neema