Maziwa Hayaoshi Mapafu

Mzee Ramazani,

Nimekukumbuka sana, na nina hasira na wewe kidogo. Unanijua, mi siwezi kunyamaza.

Tangu tukuzike, garaji imebaki mikononi mwangu. Miaka minane ulinifundisha kupuliza rangi kwenye magari, na kila jioni ulinituma dukani. "Leta maziwa, mutoto, tuoshe kifua." Tulikunywa, tukatema makohozi yenye rangi ya gari la siku hiyo, tukacheka. Jamani, tulicheka!

Baada ya arobaini yako, kifua kikanibana nikiwa kazini. Daktari alinipulizisha kwenye mashine, nami nikamweleza habari za maziwa. Hakunicheka. Alisema maziwa yanakwenda tumboni; mvuke wa rangi, hasa ile dawa ya kukaushia, unaingia kwenye njia za hewa, unaziunguza, zinavimba na kuziba. Zangu zinaweza kutulia nikivuta dawa na nikikaa mbali na mvuke. Wewe ulikwenda kwake umeshachelewa. Nililia njiani bila haya, Mzee. Yale maziwa nilikuwa nayaleta mimi.

Na ile barakoa uliyoitundika msumarini? "Apana, wateja watasema niko mugonjwa." Nimeitupa, mpira ulishapasuka. Nimenunua zile zinazoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje. Nimejenga chumba cha kupulizia, kina feni kubwa ya kutoa mvuke. Mimi siingii tena, nafundishia dirishani. Mafundi walinuna. Nikawaambia asiyevaa asiguse rangi. Wawili wakaondoka, waende salama.

Sasa sikia. Mwajuma, binti yako, amekuja kujifunza kazi yako. Mkono wake ni wako kabisa! Mama yake alimleta mwenyewe, akaniambia neno moja tu: "Mi nimeshazika mumoja." Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Maziwa bado tunakunywa, kwa kuwa ni matamu na kwa ajili yako. Lakini kuosha ni kazi ya sabuni.

Jana Mwajuma alimaliza mlango wake wa kwanza, mwekundu. Akatoka, akavua barakoa, akakohoa, akatema mate chini. Nikainama kuyatazama, mbele ya watu wote, bila aibu. Yalikuwa meupe, Mzee.

Mungu akulaze pema. Nakuahidi yatabaki meupe.

Mutoto wako wa garaji