Kocha Alisema Mimi Mfupi, Baba Akanimalizia

Bi Rajni mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na hasira ambayo sijui niiweke wapi, na ombi langu la kwanza ni unisome mpaka mwisho, kwa sababu kila niliyemweleza jambo hili ameanza kunijibu kabla sijamaliza. Naitwa Luul, nina miaka ishirini na mmoja, nilizaliwa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, tukahamia hapa Birmingham nikiwa bado shule ya msingi, na sasa niko mwaka wa mwisho chuoni na ninachezea timu ya wanawake ya chuo, beki wa kati. Najua unachofikiria. Mtu akisikia msichana wa Kisomali mwenye hijabu anacheza mpira, moja kwa moja anadhani shida ni baba, kwamba baba ananikataza na mimi natoroka na viatu vya mpira chini ya buibui. La! Baba yangu, Mzee Adow, ndiye aliyeninunulia viatu vya kwanza, ndiye anayeacha teksi yake siku ambayo wenzake wanapata abiria wengi ili anipeleke mechi, anasimama kwenye mvua akinipigia kelele mpaka refa anamwomba arudi nyuma ya mstari, na mama humwambia, "Adow, anayecheza ni wewe ama ni mtoto?"

Shida yangu ni urefu. Nina sentimita mia moja hamsini na nane, na wote wanasema beki wa kati lazima awe mrefu, kwa sababu mipira ya juu ni kazi yake. Mimi siwashindi washambuliaji kwa kuruka, nawashinda kwa kufika mapema, naangalia mguu wa anayetaka kupiga krosi wala si mpira wenyewe, na kabla hajapiga nimeshajua utaangukia wapi, nimeshafika, nimesimama pale ambapo yule mrefu alitaka kusimama. Msimu huu hakuna timu ya chuo iliyofungwa mabao machache kuliko sisi, na nahodha ni mimi.

Basi mwaka huu klabu moja ya kulipwa, si ya hapa Birmingham, sitaitaja, ilimtuma kocha wao msaidizi kutuangalia, anaitwa Rupinder, wazazi wake walitoka Kisumu ingawa Kiswahili chake ni cha kuombea chai tu, akanipenda, akanialika kwenye majaribio. Nilicheza, Bi Rajni. Nilipewa kumkaba mshambuliaji ambaye nikisimama karibu naye naona bega lake tu, na nikamnyang'anya mpira tena na tena mpaka akaanza kunilalamikia kwa refa, na muda wote huo kocha mkuu alikuwa ameinamia simu yake. Akainua kichwa kwenye kona moja. Kona hiyohiyo yule dada akaruka juu yangu, akafunga kwa kichwa. Hicho ndicho alichokiona.

Baada ya mechi akaniita mbele ya wenzangu akasema, "Ungekuwa na sentimita kumi zaidi ningekusajili leo leo," halafu akacheka, halafu, naapa, akanipapasa kichwani, juu ya hijabu, kama mtoto wa chekechea. Wengine wakacheka pamoja naye. Baba alikuwa kwenye uzio. Aliruka ule uzio, mzee wa miaka hamsini na kitu, akaja akipiga kelele, "Toa mkono wako! Amemnyang'anya yule mrefu mpira mechi nzima, wewe unaangalia simu!" Walinzi wakatutoa nje wote wawili. Siku ile nilimpenda baba kuliko mtu yeyote duniani.

Nikajua yameisha. Nililia, baba akaniambia niwasahau, nikajaribu. Kisha wiki iliyopita nilikuwa sokoni, pale kwenye mabanda ya mboga, nikakutana na Rupinder, na kabla hata ya salamu akaniambia alisikitika sana nilipokataa.

"Nilikataa nini?" nikamwuliza.

Akanitazama kama anayedhani namtania. Kumbe yeye alibaki kule akibishana na kocha mkuu kwa ajili yangu, akamwambia mtu anayesoma mpira hivi haachwi aende, mpaka kocha akakubali nichukuliwe timu ya akiba, kwa mkataba, nifundishwe beki wa kulia. Wakapiga simu. Namba niliyowaachia ilikuwa ya baba, kwa sababu mimi nikiwa darasani sipokei na yeye hupokea wakati wowote, karibu hata akiwa anaswali. Na baba akawajibu, "Binti yangu ni beki wa kati. Kama hamumtaki katikati, hamumtaki," akakata. Nafasi akapewa msichana mwingine.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nilimkuta baba anakula, nikamwuliza, wala hakukana.

"Nilikuwa nakulinda," akasema. "Wanakutukana mbele za watu, halafu wanakutupia makombo?"

"Makombo yalikuwa yangu, baba! Kula ama kutupa, ningeamua mimi!"

"Nimesimama kwenye mvua miaka yote hii ili uwe wa pembeni?"

"Basi ungevaa jezi wewe!"

Mama akaniambia ninyamaze, baba akasukuma sahani, akachukua funguo za teksi akatoka. Na mimi nikatoka. Sasa ninakaa Newtown kwa rafiki yangu Léocadie, kipa wetu, Mkongo, ambaye mama yake ananilisha fufu na hakuniuliza chochote. Baba ananipigia simu kila siku, sipokei. Mazoezini sijaenda tena, maana nikivaa viatu vile vya mpira navivua tena kwa hasira, na kinachoniuma zaidi ni kwamba sijui kama ningepigiwa mimi ile simu ningesema ndiyo. Pengine na mimi ningekata. Nisaidie, Bi Rajni. Mtu mfupi kama mimi anaweza kweli kuishi kwa mpira, au nimekuwa nikijidanganya na baba yangu akinisaidia kujidanganya? Na huyu baba nimfanye nini?

Luul, Newtown

*

Luul binti yangu,

Nimekusoma mpaka mwisho, na damu imenichemka pamoja na yako. Sasa kaa vizuri, kwa sababu nikimaliza na hao wengine nitakugeukia wewe.

Tuanze na huyo kocha. Mwanamume mzima anaitwa kutazama mpira, anatazama simu, kisha anaweka mkono wake kwenye kichwa cha mwanamke aliyejisitiri na kumchekesha nacho kila aliye karibu! Hana adabu, na kazi anayolipwa haifanyi. Andika malalamiko kwa klabu yake, yawe mafupi, utaje mkono na utaje simu. Urefu usiutaje. Kuchagua mabeki warefu ni haki yake hata kama anachagua kijinga, na ukiyachanganya hayo watajibu lile la urefu na kulikwepa la mkono.

Kuhusu mpira wenyewe, mimi nimeolewa na mtu wa kriketi, tunakaa Edgbaston karibu na uwanja wa kriketi, na hata huko uwanjani mimi hufuata sambusa tu. Kwa hiyo nilimpigia mwana wa dada yangu, Vipul, ambaye amefundisha wanawake mpira kwa miaka mingi, nikamsomea barua yako bila jina. "Masi," akaniambia, yaani mama mdogo, ndivyo anavyoniita, "nikudanganye au nikuambie ukweli?" Nikamwambia aseme ukweli, wewe si mtoto.

Ukweli wake ni huu. Kwa urefu huo, katikati, kwenye mpira wa kulipwa, utateseka. Wapo wafupi waliowahi kuweza, lakini kila timu utakayokutana nayo itakupigia mipira ya juu kwa makusudi, wiki hadi wiki, mpaka kocha wako achoke kukutetea. Pembeni ni habari nyingine. Huko mpira unakuja chini na mbio, na anayejua krosi itaangukia wapi kabla haijapigwa anatafutwa kwa tochi. "Mwulize ana kasi gani," Vipul akasema, "na mguu wake wa kushoto unafanya nini. Kama vyote viwili ni vizuri, huyo Rupinder hakumpa makombo, alimpa kazi." Umeelewa? Hukujidanganya kuhusu uwezo wako. Umejidanganya kuhusu mahali pa kusimama.

Sasa baba yako. Mzee Adow, kama unasoma gazeti hili, na najua unalisoma kwa sababu madereva wote wa teksi mnalisoma mkisubiri abiria: umekosa. Umemwaga jasho kwa ajili ya mtoto huyu, na kile kilichotoka kwenye jasho hilo umekirudisha mlangoni bila kumwuliza mwenyewe. Ulikuwa umetukanwa wewe, ukajibu kwa ajili ya tusi lako, na aliyelipa ni yeye. Kumpenda hakukupi ruhusa ya kumjibia. Aibu!

Haya, Luul, zamu yako. Miaka ishirini na mmoja, nahodha, unaamrisha wenzako kumi uwanjani, na simu ya kazi yako inalia mfukoni mwa baba? Nani alikuambia darasani hakuna mapumziko ya kurudisha simu? Ulimfanya wakala wako kwa uvivu tu, kisha unashangaa amekuwa wakala. Na adhabu uliyompa ni ipi? Humpokelei simu. Yeye aliwakatia watu wa klabu kwa hasira, wewe unamkatia yeye kwa hasira. Mnafanana kupita kiasi, ndiyo maana nyumba haiwatoshi.

Lakini lililonikera kuliko yote ni mazoezi. Kocha alikudharau, baba akakuharibia, na wewe ukaenda kumalizia kazi yao kwa mikono yako mwenyewe! Msimu haujaisha, timu haina nahodha, na wewe uko kwa mama wa watu unakula fufu. Huyo Léocadie anadaka nyuma ya nani siku hizi?

Fanya hivi. Leo, si kesho, mpigie Rupinder. Mwambie ofa haikukufikia, mwambie sasa uko tayari kucheza kulia, umwachie namba yako. Usimlilie wala usimsimulie ugomvi wa nyumbani kwenu. Ile nafasi imeshapata mtu na huyo mtu hana kosa, kwa hiyo uliza kama kuna nyingine, au klabu nyingine anayoijua. Akisema hakuna, mshukuru, kisha rudi mazoezini umwombe kocha wa chuo akuchezeshe kulia mechi zote zilizobaki. Utakuwa mbovu mechi ya kwanza. Vumilia.

Kisha nenda nyumbani. Usiende kuomba msamaha kwa kuuliza swali ulilokuwa na haki ya kuuliza, ila lile la jezi ulilisema kwa kuumiza, na hilo liombee radhi. Akimaliza kupiga kelele, mwambie kwa sauti ya chini kwamba kuanzia leo mambo yote ya mpira yanaamuliwa na wewe, naye akitaka kujua atauliza. Halafu mtake jambo moja: ampigie Rupinder yeye mwenyewe na aseme kwa mdomo wake, "Aliyekataa ni mimi, si binti yangu." Jina lako kule limeandikwa kama la mtu mwenye maringo, na hakuna mwingine anayeweza kulisafisha. Kwa mwanamume wa rika lake hilo ni zito kuliko kuruka uzio. Akikataa, cheza hivyo hivyo.

Bi Rajni

*

Barua ya Luul ilikuwa ya haraka, kwa hiyo nilimtumia jibu kabla ya kulichapisha. Ameniruhusu niweke hapa ujumbe wake wa juzi:

"Bi Rajni, nimesoma nikakasirika na wewe pia, siku nzima. Jioni nikampigia Rupinder. Nafasi hakuna mpaka msimu ujao, lakini anakuja kuniangalia nikicheza kulia, na mechi ya kwanza nilikuwa mbovu kama ulivyosema, winga wao alinipita mpaka Léocadie akanitukana kwa Kifaransa. Nimerudi nyumbani. Nilimwambia baba yote. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Aliniomba namba ya Rupinder, akaenda kukaa ndani ya teksi, akafunga mlango, na kupitia dirishani nikamwona anaongea huku amejishika paji la uso. Aliporudi akaniuliza tu kama beki wa kulia huwa anapanda mbele ama anabaki. Nikamwambia anapanda. Tukakaa mezani mpaka mama akatufukuza tukalale, namchorea uwanja kwa chumvi na vijiko."