Mama Masika na mashini ya patron

Butembo, siku ya tano, magaribi

Leo nimeshinda mashini, na sioni haya kujisifu!

Patron yangu, muuzaji wa bitenge, aliweka ku mulango haut-parleur, kipaza sauti yenye kusema na IA, ile akili ya mashini. Tangu asubui iliita batu na Kifaransa ya bureau, ya ofisi. Hapana mutu alisimama. Mimi, mwenye kuita bateja na mudomo tu, nilikaa kando, nikisema kazi yangu imeisha.

Halafu patron akakumbuka ujanja yangu. Mimi naita kila mara "Mama Masika!", na kwa sababu hapa kwetu binti wa kwanza anaitwa Masika, nusu ya bamama banageuka. Akaandikia mashini iseme vile. Na kweli, bamama bakaanza kugeuka! Nikaogopa kabisa.

Ndipo soeur mumoja, mutawa wa parokia, akapita, na robe yake nyeupe. Mashini ikalia: "Mama Masika, bwana yako atakupenda zaidi na kitenge hii!"

Njia yote ikapasuka kicheko. Patron akakimbia kuvuta waya. Soeur akaniangalia:

"We kijana, ni wewe uliifundisha?"

"Hapana, ma soeur. Mimi niko na macho."

Akacheka mpaka machozi, akaingia kununua kitambaa ya altare. Patron akaninong'oneza: "Kesho kuja mapema, we kinywa mubaya."

Siku moja batapatia mashini macho. Najua, na inaniogopesha kidogo. Lakini kesho asubui, njia yote itasikia ni nani anaita.