Maneno Mawili Yaliyotufanya Tumlilie Baba

Mpendwa dada Mwende,

Leo asubuhi kulikuwa na ukungu hapa mjini Wote. Niliamka nikidhani tuko nyumbani Makindu na wewe unaniita twende mtoni. Nikafumba macho tena ili nikusikie vizuri. Ni mwaka wa pili tangu tukuzike.

Nilikuona na ile barua mkononi. Ulikuwa darasa la saba, mimi la tatu, na nyumbani kwetu ni wewe tu uliyejua Kiingereza. Baba, kibarua wa reli, alikuwa amelazwa Mombasa. Msimamizi wake aliandika: "He has pulled through." Ukatafsiri neno moja moja. Pull ni kuvuta, through ni kupita mpaka upande wa pili. Ukamwambia Mama kwa sauti ndogo kwamba Baba amevutwa, amepita ng'ambo. Mama aliketi chini, akavua kitambaa cha kichwa. Majirani wakaanza kuingia.

Tuliomboleza siku mbili. Nakumbuka mwanga wa jioni juu ya mabati, na wewe nyuma ya ghala ukiisoma barua tena na tena. Chini iliandikwa kwamba angerudi mwezi ujao. Ukaniuliza kwa nini maiti isubiri mwezi mzima. Siku ya tatu ukaenda kwa mwalimu wa Kiingereza. Alikueleza kwamba maneno hayo mawili yakikaa pamoja huwa na maana yao: mtu aliugua sana, akapona.

Ungeweza kusema kwamba imekuja barua nyingine. Wazee wa kanisa walikuwa wamejaa nyumbani. Ulipiga magoti mbele yao wote.

"Mwaitu, mama yangu, Baba yuko hai. Mimi ndiye nilisoma vibaya."

Baada ya hapo ulianza kuyakusanya maneno kama hayo kwenye daftari. Tulipochimba mchanga wa mto uliokauka na kungoja maji yajae shimoni, ulinifundisha: look for ni kutafuta, look after ni kutunza, give up ni kukata tamaa. Ulinionya nisiyatenganishe kamwe. Maji yalipanda polepole, nami niliyarudia mpaka yakawa kama wimbo wa usingizi.

Baba alirudi amekonda, akacheka mpaka akakohoa. Wewe hukucheka. Hata ulipokuwa mwalimu mwenyewe, hadithi hiyo ikisimuliwa uliinamisha macho.

Jumapili nilimuuliza Mama kama aliwahi kukulaumu. Aliniambia kilio cha siku zile amekisahau. Anachokumbuka ni mtoto ambaye angeweza kujificha, lakini akaingia katikati ya watu wazima akasema amekosea.

"Siku hiyo ndiyo nilijua nimezaa mtu," alisema.

Nimeona nikuandikie, kwa sababu hukuwahi kumuuliza. Lala salama, dada yangu.

Ni mimi, mdogo wako uliyemfundisha mtoni.